Mbali na Wapi? Bunju hadi Mbagala kwa Namba Mbili

*Wachumba wawili, viwanja viwili na dunia moja ya mviringo. Mhariri wetu na mwenzake walifunga safari ya Jumamosi kutoka mwisho wa Kinondoni hadi mwisho wa Temeke, wakiongozwa na namba.*

Ilikuwa Alhamisi usiku. Nimeshakula, nimejitupa kwenye kochi, simu ikalia. Dalali! Hakuandika salamu wala bei. Alituma namba mbili tu, 6.63 na 39.13, na chini yake: "Dada kiwanja hicho hapo Bunju, wahi kabla hakijaenda."

Nikazibandika namba zile kwenye ramani ya simu. Ramani ikateleza, ikaipita Tanga, ikavuka Kenya nzima, ikatua kwenye milima ya kusini mwa Ethiopia, jirani na Bale. Nikamwonyesha mwenzangu. Tukacheka mpaka machozi. Kilichotuua zaidi ni kuona kwamba huko huko milimani kuna mji unaitwa Goba, kama Goba yetu ya hapa Dar. Yaani unaweza kupotea Ethiopia na bado ukasema umefika Goba.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Dalali alisahau alama ya kutoa mbele ya 6. Alama hiyo ndiyo inayosema "kusini mwa ikweta". Ukiiacha, umehamia kaskazini. Na ukikosea mpangilio, ukaanza na 39 ndipo ufuate na -6.63, unatua Hispania, karibu na mji wa Badajoz. Kiwanja kile kile, dalali yule yule!

"Afadhali Ethiopia," nikatania, "maana hata Bunju yenyewe ni mbali."

"Mbali na wapi?" mwenzangu akauliza. Hakucheka tena.

Mpenzi msomaji, hapo ndipo mambo yalipoanza. Yeye kazaliwa na kukulia Bunju, mama yake yuko huko, na kazi yake iko Tegeta. Mimi ni mtoto wa Mbagala, mama yangu yuko Kizuiani peke yake tangu baba afariki, na ofisi yangu iko Kinondoni. Ndoa ilikuwa imebakiza miezi mitano. Fedha tuliyokusanya inatosha kiwanja kimoja, na viwanja vilivyokuwa mezani ni viwili: cha Bunju, alichokipenda yeye, na cha Chamazi, nilichokipenda mimi. Kila tulipokaa kuzungumza, neno "mbali" lilituharibia chakula.

Tukapeana sharti. Jumamosi tutakwenda kuviona vyote viwili, kuanzia Bunju tushuke mpaka Chamazi. Njiani hakuna ruhusa ya kusema "mbali" wala "karibu". Tutasoma namba tu.

Bunju: namba ya tatu

Saa moja asubuhi tuko Bunju. Kiwanja ni kizuri, usibishe. Hewa safi, michungwa ya jirani, barabara ya Bagamoyo unaisikia kwa mbali. Safari hii simu ilisoma sawasawa: -6.63, 39.13.

Dalali alidhani tumemaliza. Lakini mwenzangu akataka namba ya tatu. Dunia ni kama mpira, na kwenye mpira mahali panaelezwa na namba tatu, si mbili. Mbili ni pembe: moja inasema uko kaskazini au kusini kiasi gani, nyingine mashariki au magharibi kiasi gani. Ya tatu ni umbali wako kutoka kitovu cha dunia. Hiyo ya tatu huwa hatuisemi kwa sababu wote tunatembea juu ya ganda lile lile, kama kilomita 6,370 hivi kutoka kitovuni. Tunachojali ni mwinuko tu, yaani umesimama mita ngapi juu ya usawa wa bahari.

Ila Dar es Salaam namba hiyo ya tatu ndiyo inayolaza watu nje. Desemba 2011 mvua ilipofurika bonde la Msimbazi, walioondolewa huko walipewa viwanja Mabwepande, huku huku karibu na Bunju. Kwa lugha ya namba, walihamishwa ili ile ya tatu iongezeke.

Simu hukosea sana kwenye mwinuko, wakati mwingine kwa mita kumi na zaidi, kwa hiyo hatukuiamini. Tukagonga kwa jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnanunua hapo?"

"Tunaangalia tu, mama."

Hakusema neno. Alituonyesha ukuta wa choo chake cha nje. Kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, usawa wa goti. Na choo chake kilikuwa juu zaidi kuliko kiwanja chetu. Mwenzangu aliutazama mstari ule kwa muda, halafu akamuuliza dalali ziko wapi bikoni. Dalali akaanza kutafuta kwenye majani kama mtu aliyedondosha hereni.

Mwenge: somo la chungwa

Tulipanda daladala hadi Mwenge. Kimya kilikuwa kirefu. Kuna kimya cha watu waliochoka, na kuna kimya cha watu ambao kila mmoja anaandaa hoja. Chetu kilikuwa cha pili.

Tulipoteremka tukanunua machungwa. Muuzaji, kijana mchangamfu, alikuwa anamenya bila kukata ganda, linashuka kama utepe. Mwenzangu, ambaye jiografia aliipenda toka sekondari, akaomba moja lisilomenywa na kisu. Akaanza.

"Hapa kwenye kikonyo ni Ncha ya Kaskazini. Chini hapa Ncha ya Kusini. Kiunoni, katikati kabisa, ikweta." Akalichora kwa ncha ya kisu. "Sasa kutoka katikati ya chungwa, ndani huku, chora mstari kwenda kiunoni, na mwingine kwenda Dar. Uwazi kati ya mistari hiyo miwili ni kama nyuzi 6 na nukta 8. Hiyo ndiyo latitudo yetu. Chini kidogo ya kiuno."

"Na 39?" akauliza muuzaji, naye kashanogewa.

"Hiyo ni longitudo. Mistari yake inatoka kikonyoni hadi chini, kama vipande vya chungwa vilivyopangana. Inakutana kwenye ncha mbili na inatanuka zaidi kiunoni."

"Unaanza kuhesabu kipande gani?"

Swali zuri kuliko yote ya siku hiyo. Chungwa lina kiuno, hilo halihitaji kikao. Dunia inazunguka, kwa hiyo ncha zake zipo na ikweta yake ipo, hata kama kusingekuwa na binadamu. Lakini kwa upande wa mashariki na magharibi, chungwa halina mwanzo. Lizungushe utakavyo, kila kipande kinafanana na mwenzake. Lazima watu wakae, wakubaliane: sifuri ni hapa.

Na walikaa kweli. Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington na kupitisha kwamba sifuri ya longitudo ipite Greenwich, London. Kabla ya hapo mataifa mengi yalikuwa na sifuri zao, na ramani za mabaharia zilipishana. Wafaransa hawakupiga kura ya kuunga mkono. Saa zao waliendelea kuzifuatisha Paris mpaka 1911. Miaka 27 ya kununa! Wewe unayelalamika kwamba mwenzio ananuna siku tatu, hebu mshukuru Mungu.

Mwenzangu akamega ganda kwa ukucha, akaweka alama. "Hapa Greenwich. Ukielekea mashariki nyuzi 39 na robo hivi, umefika Mwenge." Akalila chungwa, somo likaisha. Kijana akakataa pesa ya chungwa lile. "Hilo la darasa, bro."

Desimali ngapi mpaka mlangoni?

Kutoka Mwenge tulishika njia ya Ubungo. Upande wa kushoto, nyuma ya Sinza, kuna Tandale. Naitaja kwa sababu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale walizunguka vichochoro vyote na vifaa vya GPS wakaiweka Tandale kwenye ramani ya wazi ya dunia: visima, vyoo, maduka, mifereji. Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ikapanuliwa kwa mradi wa Ramani Huria, kata moja baada ya nyingine, lengo kubwa likiwa kujua mafuriko yatapita wapi. Mahali ambapo kwenye ramani nyingi palikuwa doa la kijivu, pakapata majina.

Kuna siri ya namba hizi ambayo nataka uishike, kwa sababu siku moja utaihitaji. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Hapa kwetu karibu na ikweta, nyuzi moja ya longitudo nayo ni karibu hivyo hivyo. Sasa hesabu tarakimu zinazokuja baada ya nukta. Ya kwanza inakufikisha ndani ya kilomita 11: umefika Dar, basi. Ya pili, kilomita moja na ushei: umefika kata. Ya tatu, mita 110: umefika kwa mjumbe. Ya nne, mita 11: umefika kwenye nyumba. Ya tano, mita moja: umefika mlangoni, piga hodi.

Dalali alinitumia desimali mbili. Alinipa kata nzima halafu akasema "hicho hapo".

Mimi somo hili nililipata kwa gharama. Mwaka juzi, saa nane za usiku, jirani alinipigia kwamba mama sukari imeshuka, kaanguka, hazungumzi vizuri. Nilikuwa Kinondoni. Nikapata dereva aliyekuwa Temeke tayari, nikaanza kumwelekeza: ukifika Kizuiani ingia barabara ya mnara, pita duka la rangi ya bluu, ukiona mwembe ulioanguka, kata kushoto. Kumbe minara ni miwili. Na duka la bluu lilishapakwa njano. Dereva alizunguka dakika hamsini. Nyumba ya mama ilikuwa na kibao cha namba, kile kilichobandikwa mwaka 2022 kwenye operesheni ya anwani za makazi, lakini mimi mwanawe sikuwahi kukisoma. Nilikuwa naijua nyumba kwa miguu, siijui kwa maneno. Aliyemwokoa mama ni jirani, kwa kijiko cha sukari na maji.

Tangu usiku ule, nikisema Bunju ni "mbali", maana yake ni dakika hamsini zile. Mwenzangu alikijua kisa hiki, ila hakujua kwamba ndiyo rula ninayopimia kila kitu. Sikuwahi kumwambia.

Kizuiani: mkeka wa mama

Tulivuka barabara ya Mandela, tukaupita Uwanja wa Mkapa, tukaingia Kilwa Road. Simu ilikuwa inahesabu taratibu: -6.85, -6.87, -6.90. Kutoka Bunju tulikuwa tumeteremka kama robo ya nyuzi kwenda kusini. Kwa kuelekea kusini tu ni kilomita 30 hivi. Kwa daladala, na kuunganisha, na foleni ya Jumamosi, ni saa tatu kasoro. Latitudo haijui foleni.

Mama alikuwa anajiandaa kwa adhuhuri. Akatandika mkeka wake pale pale anapoutandika siku zote, pembeni ya kabati la vyombo, umeelekea dirisha la nyuma.

Mwenzangu akaweka dira ya simu karibu na ukingo wa mkeka, kwa heshima zote, kabla mama hajaanza. Kaskazini kamili, au karibu sana. Akatoa macho.

Sababu yake ni tamu. Longitudo ya Dar ni 39 na nukta 3. Longitudo ya Makka ni 39 na nukta 8. Tofauti ni nusu ya nyuzi tu. Yaani Makka iko moja kwa moja juu ya vichwa vyetu kwenye ramani, kilomita kama 3,100 kaskazini, na kibla cha Dar kinapinda kuelekea mashariki kwa nyuzi moja hivi. Bibi yangu na bibi yake hawakuwa na simu. Walijua kaskazini, na jina lenyewe lina upepo wa kaskazi ndani yake, kama kusini ilivyo na upepo wa kusi. Pwani hii watu walipima dunia kwa upepo, nyota na sala kabla ya satelaiti kurushwa.

Tukiwa tunakula, mwenzangu akaendelea kumchekesha mama. Kwamba Dodoma na Mji Mkongwe wa Unguja ziko latitudo moja, nyuzi 6 na dakika 10 kusini (dakika hizi si za saa, ni nyuzi moja iliyogawanywa mara 60). Kwamba ukitoka Unguja ukanyoosha magharibi bila kupinda, unatokea Dodoma. Na kwamba longitudo ni saa: dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, nyuzi moja kwa dakika nne. Kigoma iko magharibi yetu kwa nyuzi karibu 10, ndiyo maana Ramadhani Dar mnafuturu, na wa Kigoma anasubiri kama dakika 40 zaidi na saa za ukutani zinasoma sawa. Wenye wapenzi Kigoma mnajua karaha ya kutumiwa picha ya uji na sambusa wakati wewe bado umefunga.

Nikaona mama kafurahi, nikasema la moyoni. "Mama, tunataka kujenga Chamazi, ili niwe karibu na wewe."

Akaweka kijiko chini. "Mwanangu, usinifanye mimi bikoni. Nyumba ya ndoa haipimwi kutoka kwa mama mkwe. Na mimi nikiondoka, mtapimia wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mwenzangu aliinamia sahani. Mimi nilitoka nje nikajifanya naenda kusoma namba ya kibao cha nyumba. Niliisoma kweli. Nikaihifadhi, pamoja na zile mbili za simu, desimali tano kila moja.

Chamazi: vitovu viwili

Kiwanja cha Chamazi kiko juu, kwenye mwinuko mdogo, na bikoni zake unaziona, zege limekaa. Mwenye kiwanja, mzee mmoja mstaafu, alitupokea na ramani ya upimaji ya zamani, karatasi imeanza kuwa ya njano. Namba zake si za nyuzi. Ni za mita, ndefu ndefu, moja tarakimu sita, nyingine saba. Mwenzangu ana programu ya kuzisoma. Akaziingiza.

Nukta ikatua ng'ambo ya bondeni. Mita kama 300 kutoka tulipokuwa tumesimama, katikati ya mihogo ya mtu mwingine.

Tukatazamana. Kila aliyewahi kutafuta kiwanja Dar anajua moyo unavyodunda ukiona hivyo. Kiwanja kimoja wanunuzi wanne, hati ya kiwanja kingine, mzee mpole mwenye sauti ya upole. Mwenzangu akaninong'oneza, "Tunaondoka." Nami, niliyekuwa nakipigania kiwanja hiki mwezi mzima, nilisikia aibu kama vile mzee ni baba yangu na amekamatwa.

Kabla ya kuondoka tukampigia mpima ardhi anayeishi maeneo hayo. Akaja na bodaboda, begi mgongoni. Akaitazama karatasi, akaitazama simu, akacheka.

"Kaka, simu yako inapimia kutoka wapi?"

"Sijakuelewa."

"Dunia si mpira kamili," akasema. "Imebonyea kidogo kwenye ncha. Kutoka kitovu hadi ikweta ni kilomita 6,378, kutoka kitovu hadi nchani 6,357. Kwa hiyo mpimaji anachagua kwanza umbo la yai atakalolitumia, na anachagua kitovu chake kikae wapi. Wazee wetu walitumia mfumo unaoitwa Arc 1960. Umetokana na upimaji mrefu uliofuata longitudo ya 30, kutoka Afrika Kusini mpaka Misri, ukakamilika 1954. Mstari wenyewe unapita huko magharibi mwa Tanzania. Kenya, Uganda na sisi tuliutumia kupima mashamba na miji. Yai lile lilikaa vizuri kwenye Afrika, lakini kitovu chake si kile ambacho satelaiti zinakizunguka. Vimeachana kwa zaidi ya mita 300. Simu yako inatumia kitovu cha satelaiti. Karatasi ya mzee inatumia kile cha zamani."

Akabadilisha mpangilio mmoja kwenye programu. Nukta ikaruka bonde, ikakaa pembeni ya bikoni tuliyokuwa tumeikanyaga.

"Hakuna aliyedanganya hapa," akasema mpimaji huku akifunga begi. "Mzee kasema kweli, simu imesema kweli. Sifuri zao ndizo tofauti. Siku hizi tuna mfumo mpya, TAREF11, unaoendana na satelaiti, lakini karatasi za zamani bado zimo kabatini mwa watu. Kabla hujamwita mtu mwizi, muulize anapimia kutoka wapi."

Mzee hakuwa amesikia minong'ono yetu, au alijifanya hakusikia. Alituletea maji ya kunywa.

Sifuri yetu

Jioni tulikaa kwenye benchi la muuza chipsi Rangi Tatu, sahani moja, uma mbili. Sharti la siku lilikuwa limekwisha, tungeweza kusema "mbali" tena. Hakuna aliyetaka kuanza.

Akaanza yeye. "Mimi nikisema mbali, napimia kutoka kwa mama. Baba alipoumwa nilikuwa chuoni mkoani. Nilifika amezikwa." Miaka mitatu tuko pamoja, hilo la kufika amezikwa sikuwahi kulisikia.

Nami nikamwambia kuhusu dakika hamsini, zote, pamoja na jinsi ninavyoamka usiku nikisikia simu ya jirani hata ikiwa ni ya kuomba chumvi.

Kumbe tulikuwa tunaongea kitu kimoja muda wote huo. Kila mmoja alikuwa mkweli kutoka kitovu chake. Tuliyapigia kelele majibu bila kuulizana swali.

Hatukupatana kwa sababu ya mahaba, nisikudanganye. Tulichukua karatasi tukaandika: kiwanja kisijae maji, bikoni ionekane, karatasi zikaguliwe, nauli ya wawili kwa mwezi iwe hii. Bunju ilianguka kwenye mstari wa tope na bikoni zisizoonekana. Kama ungekuwa kiwanja kingine cha Bunju, chenye mwinuko na karatasi, mimi ndiye ningehama, na niliandika hivyo kwa mkono wangu. Chamazi ikabaki. Yeye atavuka jiji zima kwenda Tegeta, na hilo ni deni. Kwa hiyo wikiendi mbili za kila mwezi ni za Bunju, na hazihitaji kuombwa. Baada ya miaka miwili tutakaa tena, tuhesabu upya.

Na mlango wa mama yake, desimali tano, uko kwenye simu yangu. Wa mama yangu uko kwenye yake. Bado hatujajenga hata msingi, lakini tukiulizwa tunaishi wapi tunajua pa kuanzia kuhesabu.

VIDOKEZO VYA WAWILI

• Ukitumiwa namba za mahali Dar, ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa na ianze na 6 au 7. Ya pili ianze na 39. Zikiwa kinyume, umeshafika ughaibuni.

• Omba desimali tano. Mbili ni kata nzima.

• Hifadhi namba za mlango wa kila mzazi, na namba ya kibao cha nyumba, kwenye simu zenu zote mbili. Zisome kwa sauti siku moja mchana, msisubiri usiku.

• Mkinunua kiwanja chenye ramani ya zamani, muulizeni mpima ardhi imetumia mfumo gani kabla hamjaamini simu wala kumshuku muuzaji.

• Mwinuko msiusome kwenye simu. Muulizeni jirani maji yalifika wapi.

• Deti ya bure: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linasimama wima juu ya Dar. Simikeni kijiti uani. Oktoba angalieni kama saa sita na dakika 10, Machi kama saa sita na dakika 35. Kivuli kitaingia chini ya kijiti na kupotea. Hapo ndipo mlipo, nyuzi 6 na nukta 8 kusini, na hamkuhitaji simu.